Ghuba hadi Ghuba: Mwongozo wa Safari za Boti Ziwa Tanganyika kwa Watu wa Kasulu na Kibondo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa nyanda za juu za Kigoma ambaye kazi yake inamshusha ziwani. Ni muuguzi anayepeleka chanjo Kalya, mwalimu aliyepangiwa shule ya Sigunga, mkaguzi wa hesabu za vijiji, fundi wa minara ya simu, au mfanyabiashara wa Kibondo anayeshuka na asali na maharage na kupanda na dagaa. Watu hawa wanazijua barabara zao kiangazi na masika. Wanajua kilima gani hushinda lori wakati wa matope na mto gani usiusogelee baada ya mvua ya usiku. Maji makubwa hawayajui. Kasulu imekaa zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko kwenye mita 770 hivi. Katika mteremko huo karibu kila anachokijua msafiri kuhusu safari hubadilika, na mara nyingi hakuna anayemwambia.

Jambo kubwa ni hili. Barabarani tunapanga safari kwa kilomita na saa. Ziwani safari hupangwa kwa ghuba. Kabla boti haijaondoka, ujue ghuba mtakayolala, na ujue pia ghuba mtakayokimbilia iwapo hiyo ya kwanza haitafikika. Asiyeweza kuzitaja ghuba hizo mbili hajawa tayari kusafiri, hata kama barua yake imegongwa mihuri yote na posho ameshalipwa.

Ziwa lilivyo

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na upana wake ni wastani wa kilomita 50 tu. Limelala kaskazini kwa kusini kati ya kuta mbili za milima, upande wetu na upande wa Kongo, kama mfereji. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Msafiri hahitaji kukariri tarakimu hizi, lakini zina maana mbili kwake. Ya kwanza ni kwamba upepo ukivuma kutoka kusini hupata njia ndefu iliyonyooka ya kuyasukuma maji, na mawimbi hukua kila kilomita yanayosafiri. Ya pili ni kwamba sehemu nyingi chini ya milima hapana kina kifupi cha kutia nanga. Ukuta wa mlima unaendelea kushuka chini ya maji kama unavyoshuka juu yake.

Kuanzia Mei hadi Agosti, wakati Kasulu watu wanaanika mahindi na kutafuta masweta, ziwani ni majira ya upepo wa kusini. Unaweza kuvuma siku tatu au nne mfululizo. Mawimbi yake ni mafupi na yamesimama wima, tofauti na yale marefu ya bahari yanayoinua chombo polepole. Boti ya mbao inayoelekea kusini huyapiga moja baada ya jingine, mbao hulegea, na maji huingia kwa matone yanayogeuka kuwa ndoo. Masika mambo ni mengine. Kuanzia Oktoba hadi Aprili asubuhi nyingi maji hutulia kama mafuta ya mawese kwenye sufuria, kisha alasiri hutokea wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka chini. Ukihisi upepo wa baridi usoni ghafla wakati jua bado linawaka, una dakika chache tu. Dhoruba hizo hazidumu, mara nyingi hupita ndani ya saa moja, lakini saa hiyo moja inatosha kuzamisha.

Kila siku, majira yoyote, kuna pia pumzi ndogo ya nchi kavu na maji. Usiku hewa iliyopoa milimani huteremka kuelekea ziwani, na karibu na ukingo wetu maji huwa tulivu. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo hugeuka na kuja kutoka majini. Ndiyo maana manahodha wa ukingo huu huondoka saa kumi au kumi na moja alfajiri na kutaka wawe wamefika saa nne au tano asubuhi. Usiwaone wazembe wanapokataa kuondoka saa sita mchana. Wanajua kazi yao.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuwa mtu wa kumharakisha nahodha. Nilikuwa nimetumwa na kisanduku baridi cha chanjo, na ofisi iliyonituma ilikuwa imeandika kwamba zoezi lianze Jumatano. Tulichelewa kupata mafuta, ikawa saa saba mchana, na mimi nikasisitiza tuondoke kwa kuwa tarehe ilikuwa imeshapangwa. Nahodha alikuwa kijana, akaniheshimu kuliko alivyoliheshimu ziwa. Saa tisa tulikuwa tunatoa maji kwa sufuria ya wali. Tuliingia ghuba ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, gizani, kwa kufuata sauti ya mbwa. Chanjo zilipona, zoezi likaanza Alhamisi, na hakuna mgonjwa aliyedhurika kwa siku ile moja. Tangu hapo, kila ratiba ninayoandika ya kazi ya ziwani ina siku mbili tupu ndani yake, na ninamshauri kila mkuu wa idara Kasulu na Kibondo afanye hivyo. Siku hizo ziingizwe kwenye bajeti zikiwa na posho zake, maana mtumishi asiyelipwa siku ya kusubiri upepo atajikuta akisafiri ndani ya upepo.

Kuchagua boti na kumsikiliza nahodha

Ukitoka Kibondo, fika Kigoma mjini siku moja kabla ya safari. Anayeshuka kwenye basi jioni na kupanda boti usiku huohuo hana muda wa kukagua chochote. Boti za kaskazini, za Gombe, Mwamgongo na Kagunga, huondokea mwalo wa Kibirizi. Kwa upande wa kusini ulizia Ujiji na Kigoma, na kwa vijiji vilivyo jirani na mdomo wa Malagarasi, Ilagala.

Iangalie boti ikiwa tupu. Ingiza mkono chini ya mbao za sakafu. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, lakini uliza yametolewa lini mara ya mwisho. Tazama pamba na lami kwenye maungio. Ulizia cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na idadi ya abiria iliyoandikwa humo. Halafu uiangalie tena ikishapakiwa. Ubavu wa boti ulio juu ya maji, pale katikati ulipo mfupi kuliko kote, usipungue urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Ukipungua, shuka. Hicho ni kipimo changu, nimekichukua kwa wazee wa mwalo, na ni kizuri kwa sababu kila mtu anatembea nacho.

Shehena ikae chini na katikati. Wafanyabiashara wa nafaka husahau kwamba gunia la mahindi lililolowa huongezeka uzito, na kwamba magunia yaliyopangwa juu ya kingo za boti huigeuza kuwa chombo chenye kichwa kizito. Asali ya Kibondo iende kwenye madumu yaliyofungwa kwa kamba. Dumu moja linaloviringika hulegeza mengine yote.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na gati ya Ukara, na watu 228 walipoteza maisha. Kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake. Ninaomba kila msafiri alibebe moyoni neno moja kuhusu ajali ile: ilitokea wakati wa kufika. Watu wanapoona nchi kavu husimama, huchukua mizigo na kuegemea upande mmoja. Kwenye boti ndogo ya mbao jambo hilo ni hatari zaidi. Mbaki mmeketi mpaka omo, yaani mbele ya boti, iguse mchanga na nahodha aseme shukeni, na mshuke mmojammoja kuanzia mbele.

Laifu jaketi ivaliwe tangu kuondoka. Iliyofungiwa kwenye mfuko chini ya magunia haimsaidii mtu. Wengi wetu wa milimani hatujui kuogelea, wala hakuna aibu kulisema hilo. Mwambie nahodha kabla ya safari ili ajue ana watu wangapi wa namna hiyo. Boti ikipinduka, ishikilie. Mbao huelea hata zikijaa maji. Ukingo huonekana karibu kuliko ulivyo, na wanaoiacha boti ili wauogelee wengi wao hawafiki. Maji ya ziwa hili yana joto la nyuzi 25 hivi, kwa hiyo anayeshikilia anaweza kusubiri msaada kwa saa nyingi. Namba za dharura ni 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Ila usiliweke tumaini lako lote kwenye simu: mtandao hukatika sehemu nyingi kusini mwa Malagarasi, na mahali pengine simu hudaka minara ya Burundi au Kongo. Hapo saa yake inaweza kujirudisha nyuma saa moja bila kukuuliza, kwa kuwa wenzetu wako nyuma yetu kwa saa. Mtu ameachwa na boti kwa sababu hiyo. Vaa saa ya mkono.

Tanga la akiba

Siku hizi karibu boti zote za abiria huenda kwa injini, nyingi zikiwa na injini moja tu nyuma. Inapozimika katikati ya mawimbi, boti hugeuka yenyewe na kuyapa ubavu, na hiyo ndiyo hali inayoipindua. Kwa hiyo ninashauri, na nitaendelea kushauri, kwamba kila boti inayokodiwa kwa kazi ya siku kadhaa iwe na tanga dogo: turubai imara, mlingoti mfupi wenye kitakio chake, na kamba ambazo hazijaoza.

Tanga si jambo geni hapa. Majahazi ya wafanyabiashara wa Ujiji yalivuka ziwa hili kabla ya injini yoyote. Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa Kongo, kwenda kuomba kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, akarudi bila kulipata. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1878, alifika Ujiji baharia Edward Hore wa London Missionary Society. Alichukua chombo cha gogo cha hapahapa, akakitia tanga, akakiita Calabash, na kwa chombo hicho akaanza kuzunguka ziwa akipima kingo zake na ghuba zake. Alikuwa nahodha wa bahari kuu, naye pia alijifunza kwenda ghuba hadi ghuba.

Lakini ujue mpaka wa uwezo wa tanga hilo. Boti ya mbao isiyo na mkuku mrefu haiwezi kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo. Itakwenda unakoelekea upepo, au kidogo pembeni yake, basi. Ndiyo maana katika kila hatua ya safari nahodha na wewe mjue ghuba iliyoko upande unaoelekea upepo. Mkiwa mnakwenda kusini katikati ya Julai na injini ikafa, ghuba yenu ya wokovu haiko mbele. Iko nyuma, ile mliyoipita nusu saa iliyopita. Iangalieni vizuri mnapoipita.

Pale tanga lisipofaa, fungeni ndoo kwa kamba ndefu na kuitupa majini kutoka omo. Ndoo itaburuta na kukigeuza kichwa cha boti kiyakabili mawimbi, nanyi mtapata nafasi ya kuitengeneza injini. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja haliguswi.

Kuichagua ghuba

Hapa ndipo penye ujuzi wenyewe, nami sitakuwa na haraka.

Kiangazi tafuta ghuba iliyojificha nyuma ya rasi, upande wa kaskazini wa rasi hiyo, ili nchi kavu isimame kati yako na upepo wa kusini. Rasi ya Kabogo, kusini mwa mdomo wa Malagarasi, na Rasi ya Kungwe kule Mahale ni mahali ambapo manahodha huamua: ama kuizunguka alfajiri hii, ama kungoja nyuma yake hadi kesho. Usimsukume mtu anayefanya uamuzi huo. Akisema tungoje, tafuta kivuli, andika ripoti zako.

Masika kinga ya rasi moja haitoshi, kwa kuwa dhoruba huja kutoka popote. Hapo bora ghuba yenye ufuko wa mchanga ambako boti inaweza kuvutwa juu kabisa. Wavuvi hufanya hivyo kila siku kwa kuviringisha boti juu ya magogo. Ukiwaomba kwa heshima watakusaidia, na ukiwapa chai ya asubuhi hamtakuwa na deni.

Nanga hushika vizuri kwenye mchanga na tope, na hivyo hupatikana pale kijito kinapoingia ziwani na kuleta udongo wake. Kamba iwe na urefu wa angalau mara tano ya kina. Chini ya miamba hesabu hiyo haiwezekani: unaweza kuwa hatua hamsini kutoka ufukweni na kina kimekwisha kuzidi kamba yote uliyonayo. Hapo fungeni tezi, yaani nyuma ya boti, kwenye mti wa nchi kavu, tieni nanga ndogo kwa mbele ili boti isigonge mawe, na mtu mmoja asilale. Mahale milima yake hupanda hadi mita 2,462, na usiku upepo unaoshuka kutoka huko unaweza kuja kwa vishindo hata pale ziwa lote limetulia.

Usiamini ramani ya zamani, wala kumbukumbu ya mtu aliyepita huko miaka kumi iliyopita. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda sana na kuingia kwenye nyumba, mashamba na miti iliyokuwa nchi kavu. Mahali palipokuwa na mchanga sasa kuna visiki chini ya maji, kuta za matofali, na nguzo. Ingieni ghuba mpya polepole, injini kwa mwendo mdogo, mtu amesimama omo na mti mrefu mkononi. Ziwa hili limewahi kufanya hivi kabla. Lilipanda katika karne ya 19 hadi lilipofungua njia ya Mto Lukuga upande wa Kongo na kushuka tena kwa mita nyingi. Hadi leo Ujiji, mahali wanapoonyesha alipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, pako mbali na maji.

Midomo ya mito huvutia kwa mchanga wake, lakini mdomo wa Malagarasi una mamba na viboko. Usilale hapo ndani ya boti, na usioshe vyombo ukiwa umechuchumaa ukingoni jioni. Hifadhi za Gombe na Mahale zina ghuba nzuri zenye utulivu ambazo hazikuhusu bila kibali. Eneo la hifadhi ya Mahale linaingia majini kilomita 1.6, kwa hiyo hata kutia nanga mbele yake ni kuingia hifadhini. Dhoruba ikikulazimisha, ingia, kisha jitambulishe mara moja kwa askari wa hifadhi. Hawamfukuzi mtu kwenye mawimbi.

Kwa wanaofika mbali zaidi kusini, hadi wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa, visiwa vya Kipili ndivyo maegesho bora kuliko yote upande wetu wa ziwa. Kisiwa cha Mvuna na wenzake huvunja mawimbi, na nyuma yao maji hulala. Wachache kati ya watumishi wa Kasulu hupata kazi huko. Anayepata ajihesabu amebahatika.

Ukifika mwaloni

Mwalo wowote, hata wa nyumba sita, una wenyewe. Ukishuka, kabla ya kutafuta pa kulala, mwone mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, na kama ni mwalo wa wavuvi, viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Toa barua ya utambulisho. Kitambulisho cha NIDA kiwe mwilini mwako ndani ya nailoni, kwa sababu huu ni ukanda wa mpaka na Uhamiaji wana haki ya kuuliza. Msemaji wa Kiha ataulizwa zaidi, kwa kuwa lugha yetu inakaribiana na Kirundi. Jibu kwa utulivu na uonyeshe kadi.

Mchanga uliotandazwa dagaa ni duka la mtu. Usiukanyage, usipitishe mzigo juu yake, na usiruhusu boti itupe nanga mahali kamba itakapoburuta nyavu. Usiku usio na mbalamwezi ziwa hujaa taa za wavuvi, na kila taa ina wavu chini yake. Boti ya abiria ipite mbali nazo. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika siku kadhaa, kwa hiyo mfanyabiashara asishuke kutoka Kibondo siku hizo akitegemea kujaza gari. Aulize pia kuhusu ufungaji wa ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kuna walioshuka na pesa za mkopo wakakuta mialo mitupu.

Injini ifunguliwe na kulala nchi kavu pamoja na watu. Wavuvi wa ziwa hili wamewahi kuporwa injini na nyavu, na boti yenye watumishi wageni inajulikana kijiji kizima kabla ya jua kuzama.

Maji, choo na wadudu

Utulivu wa ghuba una gharama yake. Maji yaliyotulia, yenye majani na karibu na makazi, ndiyo makao ya konokono wa kichocho. Vimelea huwatoka konokono hao hasa saa za jua kali na kuingia mwilini kupitia ngozi, bila kidonda chochote. Kwa hiyo usioge ghubani mchana. Chota maji kutoka mbali, upande wa wazi, uogee ndoo nchi kavu. Kama kazi imekulazimisha kuingia majini mara kwa mara, miezi miwili baada ya kurudi nenda hospitali ukapime. Dawa ipo, na si ghali kulinganisha na ini lililoharibika.

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana safi kama kioo. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikwama Kagunga, kijiji chenye mlima mkali nyuma na ziwa mbele, ambacho wakati huo hakikuwa na barabara. MV Liemba, meli iliyozinduliwa Kigoma mwaka 1915 na ambayo kwa vizazi vitatu ndiyo iliyokuwa basi la vijiji vyote vya ukingo, iliwachukua watu 600 hivi kwa safari moja hadi Kigoma, wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu, Kasulu. Kabla hawajamalizika kuondoka, kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Wauguzi wengi wa huku juu waliifanya kazi ile, na waliouona ufuko ule hawatausahau. Ghuba nyembamba haina pa kuuficha uchafu. Kila kinachoachwa mchangani hurudi kwenye ndoo ya mtu. Hata mkiwa watu watano kwa usiku mmoja, chimbeni shimo mbali na kijito, na mlifukie asubuhi.

Lala ndani ya chandarua, na uzime taa mapema. Yule Speke wa 1858, akiwa ameweka hema kisiwani, aliwasha mshumaa. Mbawakawa wakaja kwa wingi, na mmoja akaingia sikioni mwake. Alijaribu kumtoa kwa kisu kidogo, akajiumiza, akakaa miezi na usaha na sikio lisilosikia. Hilo huweza kumpata yeyote anayelala ufukweni karibu na taa. Mdudu akikuingia sikioni, lala ubavu, mtu akudondoshee mafuta ya kula yaliyo vuguvugu ili afe, kisha nenda kituo cha afya atolewe. Usiingize kijiti wala sindano. Kama sikio lina kidonda au lilishatoboka, usitie chochote, nenda hivyo hivyo.

Tangawizi inayolimwa huku kwetu husaidia kichefuchefu cha mawimbi. Itafune kidogo kabla ya kuondoka, kula chakula chepesi, na ukae ukiitazama milima. Kusoma simu ndani ya boti humwangusha hata mwenye afya.

Kurudi

Kurudi kaskazini wakati wa kiangazi huonekana rahisi kwa kuwa upepo unasukuma. Usidanganyike. Mawimbi yanayotoka nyuma yanaweza kuinyanyua tezi, usukani ukakosa maji, na boti ikageuka ubavu. Mzigo usogezwe nyuma kidogo, mwendo upunguzwe, na nahodha asibadilishwe na utingo eti kwa sababu njia ni nyepesi.

Ukifika Kasulu au Kibondo, anika kamba na turubai kabla ya kuandika ripoti. Kisha chukua daftari la idara, au kama hakuna lianzishe wewe, uandike kila ghuba mliyoingia: jina lake kama wenyeji walivyolitaja, rasi inayoikinga na inaikinga na upepo gani, chini yake ni mchanga au mawe, kina kilikuwa pima ngapi pale mliposhusha nanga, visiki viko upande upi, maji safi yanachotwa wapi, simu inashika juu ya jiwe gani. Andika tarehe, kwa sababu ziwa linapanda na kushuka. Daftari likae kwenye kabati ambalo ufunguo wake unajulikana, ili atakayetumwa Sigunga au Kalya mwaka ujao alisome usiku ule kabla ya kupanda basi.